Mohamed Amin: Mpigapicha aliyejifunza upya kazi yake baada ya kukatwa mkono

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

RELI inayotoka Kaliua mkoani Tabora kuja hapa Mpanda ilikamilika mwaka 1950, ikifuata madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa katika eneo hili. Mmiliki wake alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Shirika hilo lilikuwa na desturi ya kuwahamisha wafanyakazi wake kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kuwauliza sana.

Miongoni mwa waliohamishwa alikuwa mwashi mmoja mwenye asili ya Punjab, Sardar Mohamed, aliyetolewa Nairobi na kupelekwa Dar es Salaam mwaka 1952 pamoja na mkewe na watoto wao. Mmoja wa watoto hao, mvulana wa miaka kama tisa, ndiye aliyekuja kuwa Mohamed Amin, mpigapicha ambaye kazi yake ilitazamwa na mamia ya mamilioni ya watu duniani.

Wasomaji wengi wa leo wanamkumbuka kwa jambo moja tu, njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Hilo ni kubwa na halina ubishi. Hata hivyo, katika maisha yake kuna sura nyingine isiyosimuliwa mara nyingi, ambayo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo inayomweleza vizuri zaidi: mwaka 1991, akiwa na miaka 47 na uzoefu wa karibu miaka 30 kazini, alipoteza mkono wa kushoto na akalazimika kuanza tena kujifunza namna ya kushika kamera.

Mohamed Amin alizaliwa Agosti 29, 1943, Eastleigh, Nairobi, mtaa uliokuwa na Waasia na Waafrika wengi wa kipato cha chini. Baba yake hakuwa mfanyabiashara kama ambavyo watu hudhani kuhusu kila mwenye asili ya Asia katika Afrika Mashariki. Alikuwa mtu wa saruji na mawe, mlipwa mshahara, na familia ilikuwa kubwa.

Dar es Salaam ndiko kijana huyo alikokutana na kamera. Ya kwanza ilikuwa Box Brownie ya mtumba. Msomaji ambaye hajawahi kuiona aelewe kuwa ile ilikuwa sanduku hasa: lenzi ndogo mbele, filamu nyuma, kitufe kimoja pembeni. Hakuna cha kurekebisha. Unachagua mahali pa kusimama na wakati wa kubonyeza, basi. Alijiunga na chama cha wapigapicha shuleni, akajifunza kazi za chumba cha giza, kusafisha filamu na kuchapa picha, na mapema akagundua kwamba magazeti yanalipa.

Shule ya kweli ilikuwa mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Gari linapita mara moja katika vumbi na haliwezi kuombwa lirudi. Ukichelewa nusu sekunde umekosa.

Hapa inafaa kueleza kidogo kamera za wakati huo zilivyokuwa zikifanya kazi, kwa kuwa bila kuelewa hilo ni vigumu kuelewa kilichompata mwaka 1991.

Wapigapicha wa habari wa miaka ya 1950 walitegemea sana kamera zenye kipima umbali, yaani renjifainda, kama Leica ya Ujerumani na zile za Umoja wa Kisovieti za FED na Zorki zilizokuwa na bei nafuu. Katika kamera hizo mtu haangalii kupitia lenzi. Anaangalia kupitia kidirisha kilicho juu yake, na katikati ya kidirisha kuna doa dogo linaloonyesha picha mbili za kitu kimoja, moja juu ya nyingine. Akizungusha pete ya lenzi, picha hizo mbili husogeleana. Zikilingana na kuwa moja, umbali ni sahihi na sura itatoka kali.

Anayezungusha pete ile ni mkono wa kushoto. Lenzi nyingi za aina hiyo zina kipini kidogo chini yake ambacho kidole hukaa, na mpigapicha aliyezoea hufika mahali ambapo kidole kinajua umbali kabla ya jicho. Kikiwa mwisho wa upande mmoja, mtu yuko mbali. Kikiwa chini, yuko hatua chache. Kikiwa upande wa pili, yuko karibu na pua yako. Ndiyo maana mtu aliyeiacha kamera hiyo kwa miaka na kuirudia hulalamika kwamba anakumbuka kanuni zote lakini kidole kimesahau. Kanuni husomwa kitabuni. Kidole hufundishwa kwa filamu nyingi zilizoharibika.

Mwaka 1959 ilitokea Nikon F, ambayo mtu huona kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo, na taratibu magazeti yakahamia huko. Lakini mgawanyo wa mikono haukubadilika. Mkono wa kulia hushika mwili wa kamera na kubonyeza. Wa kushoto hubeba uzito wa lenzi na kutafuta ukali wa picha. Kwa kamera ya televisheni inayobebwa begani ni vivyo hivyo: wa kulia unaanzisha na kuvuta picha karibu, wa kushoto unazungusha pete.

Mwaka 1963, akiwa hajafikisha miaka 21, Mohamed Amin alianzisha Dar es Salaam kampuni aliyoiita Camerapix. Muda ulikuwa mzuri kupita kiasi. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka miwili kabla, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa wamepiga kambi mjini, na Januari 12, 1964 Mapinduzi yakatokea Zanzibar. Siku nane baadaye wanajeshi wa Tanganyika Rifles wakaasi Dar es Salaam. Aprili mwaka huohuo nchi hizo mbili zikaungana.

Kwa mpigapicha kijana anayeishi hapohapo, mwenye picha mnato na pia filamu ya televisheni, hiyo ilikuwa bahati ambayo wenzake wa London wangeilipia fedha nyingi. Alivuka kwenda Unguja na kazi zake zikaanza kutumiwa na mashirika ya nje.

Bahati hiyo iliisha mwaka 1966. Alikamatwa Zanzibar baada ya kupiga filamu kambi ya mafunzo ya kijeshi iliyokuwa na wakufunzi kutoka nchi za kambi ya Mashariki, akafungwa karibu mwezi mmoja katika gereza lililojulikana na Wazanzibari kwa jina la Kiinua Miguu. Aliteswa humo na kutoka akiwa amedhoofika sana. Alipoachiwa alifukuzwa nchini. Mji uliomlea, na uliokuwa na ofisi yake, ukafungwa kwake, akarudi Nairobi alikozaliwa na kuanza upya.

Ni vyema kusema wazi kwamba Tanzania ya wakati huo haikuwa na uvumilivu kwa mtu wa aina yake. Nchi ilikuwa changa, vita baridi vilikuwa vimefika hadi mlangoni, na kamera ya mtu anayelipwa na mashirika ya Magharibi ilitazamwa kama kifaa cha ujasusi. Yeye naye hakuwa mtu wa kuomba ruhusa mara mbili. Miaka mingi baadaye alirudi na kushirikiana na Duncan Willetts na Peter Marshall katika kitabu kikubwa cha picha kuhusu Tanzania, kilichotoka mwaka 1984. Anayekifungua haoni kinyongo ndani yake.

Nairobi ilimpa nafasi kubwa zaidi. Jumamosi ya Julai 5, 1969, Waziri wa Mipango na Maendeleo wa Kenya, Tom Mboya, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katikati ya mji. Mohamed Amin alifika mapema mno, akapiga filamu wakati waziri huyo akikimbizwa hospitalini na watu wakijaribu kumwokoa. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Uingereza ya mpigapicha bora wa habari za televisheni wa mwaka 1969. Alikuwa na miaka 25.

Kilichofuata ni orodha ambayo ukiisoma unachoka wewe badala yake: mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda Januari 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka uliofuata, vita vya Pembe ya Afrika, majanga, wafalme, marais. Alijua kuwazoea wakubwa bila kuwaogopa. Idi Amin alimzoea kiasi kwamba mwaka 1980, kiongozi huyo akiwa uhamishoni Saudi Arabia na dunia haijui hasa alipo, Mohamed Amin na mtangazaji wa BBC, Brian Barron, walimfikia na kupata mahojiano yake.

Kati ya kazi hizo za haraka alitengeneza vitabu. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha picha za Hija ya Makka, mahali ambapo asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia, hivyo wapigapicha wakubwa wengi wa Ulaya na Marekani wasingeweza kukifanya hata wangetaka. Mwaka 1986 akatoa, pamoja na Willetts na Alastair Matheson, kitabu kuhusu reli ya Afrika Mashariki. Mwana wa mwashi wa reli alijua anachokipiga.

Hapo katikati ndipo ilipoingia Ethiopia.

Ukame ulikuwa umepiga mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo kwa misimu mfululizo na mashirika ya misaada yalikuwa yakitoa tahadhari ambazo hazikusikilizwa. Serikali ya Kanali Mengistu Haile Mariam haikupenda wageni wenye kamera wafike Tigray na Wollo, kulikokuwa na vita dhidi ya waasi. Kibali kilikuwa ndiyo habari yenyewe. Asiyekuwa nacho hakuwa na chochote. Mohamed Amin, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la picha za televisheni la Visnews, alitumia watu aliowajua Addis Ababa kwa miaka mingi hadi akakipata, kwa ajili yake na kwa ajili ya waandishi wa BBC, Michael Buerk wa televisheni na Mike Wooldridge wa redio.

Walifika Korem Oktoba 1984. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika katika uwanda wa baridi, wengi wakifa kila usiku. Picha alizopiga hapo hazina ufundi wa kujionyesha. Kamera inakwenda polepole, inasimama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida ya taarifa za habari, na humwacha mtazamaji aone mtu mmoja mmoja badala ya umati. Mtu aliyezoea kukimbizana na magari ya Safari alijua pia lini pa kutokimbia.

BBC iliitangaza taarifa hiyo Oktoba 23, 1984. Ilirushwa tena na zaidi ya vituo 400 vya televisheni duniani. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona, na kabla mwaka haujaisha wasanii wa Uingereza wakawa wametoa wimbo wa kuchangisha fedha. Wa Marekani wakafuata mapema mwaka 1985, na Julai 13 mwaka huo likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa wakati mmoja. Mamilioni ya dola yalipatikana na maisha ya watu wengi yaliokolewa.

Wapo waliolaumu, na lawama zao si za kupuuzwa. Taarifa za wakati ule kwa jumla zilizungumza sana juu ya mvua na kidogo mno juu ya vita, ingawa vita na sera za serikali vilichangia kuwafanya watu hao wafe. Pia picha ya Mwafrika kama mtoto mwenye njaa anayesubiri mkono wa mgeni ilikaa katika akili za watu wa Ulaya kwa muda mrefu baada ya hapo. Lakini si haki kumtwika mpigapicha mzigo huo peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Afrika Mashariki, na wakati kamera za wengine zilipoondoka aliendelea kuirudia Ethiopia mwaka baada ya mwaka. Ni kurudi huko kulikomgharimu mkono.

Mei 1991 utawala wa Mengistu uliporomoka. Kanali huyo alikimbia tarehe 21, na Mei 28 wapiganaji wa EPRDF wakaingia Addis Ababa. Wiki moja baadaye, usiku wa kuamkia Juni 4, ghala kubwa la silaha lililipuka mjini humo.

Mohamed Amin alikuwa Addis na timu iliyokuwa na Buerk na mtaalamu wa sauti kutoka Kenya, John Mathai. Walikwenda kwenye moto kupiga picha. Mlipuko mwingine, mkubwa kuliko uliotangulia, ukawakuta huko. Mathai aliuawa. Mkono wa kushoto wa Mohamed Amin uliraruliwa vibaya. Alipelekwa Nairobi na madaktari wakalazimika kuukata.

Tumeona mkono wa kushoto una kazi gani kwa mpigapicha. Mkono huo ndio uliokuwa na miaka 30 ya ujuzi ndani yake. Angepoteza mguu, angeweza kubebwa. Angepoteza jicho moja, angebaki na lingine, kwani kamera hutumia moja tu. Lakini kamera ya televisheni ya wakati huo, yenye uzito wa kilo kadhaa begani, iliundwa kwa mtu mwenye mikono miwili, na hakuna kiwanda kilichokuwa kimefikiria mtu wa aina nyingine.

Wengi walidhani amemaliza. Alikuwa na kampuni, vitabu, heshima na umri wa kukaa ofisini na kuwatuma vijana. Hakuna ambaye angemlaumu.

Alikwenda Marekani, akawekewa mkono wa bandia wa umeme. Mikono ya aina hiyo hufanya kazi kwa njia ambayo ni rahisi kuieleza na ngumu kuitumia. Vifaa vidogo hugusana na ngozi ya sehemu iliyobaki ya mkono na kusikia msukumo mdogo wa umeme ambao misuli huutoa inapokazwa. Msukumo huo hupelekwa kwenye mota, na vidole vya bandia vikafunguka au kufumba. Mvaaji anapaswa kujifunza kukaza msuli mmoja bila kukaza mwingine, kitu ambacho mtu mwenye mkono mzima hajawahi kufikiria maishani.

Tena mkono huo hauhisi. Kidole cha nyama kinajua kama pete ya lenzi imesogea kidogo au sana, kama ni ya baridi, kama imeshika mchanga. Kidole cha mota hakijui lolote. Jicho ndilo linalopaswa kukiangalia kinafanya nini. Na jicho la mpigapicha lina kazi nyingine tayari, liko kwenye kidirisha. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiacha mkono ufanye mambo yake wakati jicho linatafuta tukio, sasa alipaswa kugawa jicho.

Kamera nayo ilibidi irekebishwe ili mkono mpya uweze kuishika na kuimudu. Mambo madogo ambayo hakuna anayeyaweka kwenye hesabu yalirudi kuwa makubwa: kubadilisha betri, kuingiza kanda, kufungua begi, kuikunja miguu mitatu ya stendi. Kwa kamera ya picha mnato, kuweka filamu ni kazi ya mikono miwili tangu mwanzo hadi mwisho, kwani mmoja hushika mwili wa kamera na mwingine huvuta ulimi wa filamu hadi kwenye meno yake.

Ni kweli kwamba teknolojia ilimsaidia kidogo. Tangu katikati ya miaka ya 1980 zilikuwepo kamera za picha mnato zinazotafuta ukali zenyewe, ambazo wapigapicha wa rika lake walizidharau kama vitu vya watalii. Lakini kamera ya televisheni ya kazi ilibaki kuwa ya kuzungushwa kwa mkono.

Alirudi kazini baada ya miezi tu. Alisafiri tena, akabeba kamera tena, katika bara ambalo viwanja vyake vya ndege na vizuizi vya barabarani havina huruma hata kwa wenye mikono miwili. Mwanawe, Salim, aliyekuwa kijana wakati huo, ameeleza mara nyingi hadharani kwamba baba yake hakuwa mtu wa kukaa nyumbani, na kwamba familia ilimfahamu zaidi kwa kutokuwepo kwake. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu. Uthabiti uleule uliomrejesha nyuma ya kamera ndio uliomfanya awe baba wa kuonekana kwa nadra, na Salim hajaficha kwamba uhusiano wao ulikuwa mgumu.

Katika miaka hiyo ya mwisho Mohamed Amin aliendelea pia kuchapisha majarida na vitabu kupitia Camerapix. Moja ya kazi za kampuni hiyo ilikuwa Selamta, jarida la abiria wa Shirika la Ndege la Ethiopia, na shughuli zake zilikuwa zikimrudisha Addis Ababa mara kwa mara.

Jumamosi ya Novemba 23, 1996 alipanda ndege ya shirika hilo, Boeing 767, kurejea Nairobi. Pamoja naye alikuwa Brian Tetley, mwandishi wa Kiingereza aliyeishi Kenya, aliyefanya naye kazi miaka mingi na kuandika kitabu cha maisha yake mwaka 1988. Ndege ilikuwa na watu 175.

Muda mfupi baada ya kuruka, vijana watatu waliiteka na kumwamuru rubani, Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi hata robo ya safari hiyo, wakakataa kumwamini. Aliamua kufuata pwani ya Afrika kuelekea kusini huku akitafuta mahali pa kutua, kisha akaelekea visiwa vya Komoro. Mafuta yakaisha angani.

Kwa mujibu wa simulizi za walionusurika, Mohamed Amin hakubaki kwenye kiti chake. Alisimama na kujaribu kuzungumza na watekaji na kuwahimiza abiria wenzake, na alikuwa bado amesimama ndege ilipogusa maji karibu na ufuo wa Mitsamiouli, Ngazidja. Bawa la kushoto lilipiga bahari kwanza, ndege ikavunjika. Watu 125 walikufa, yeye na Tetley wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na miaka 53.

Ajali hiyo ilipigwa picha za video na mtalii aliyekuwa ufukweni katika hoteli jirani. Picha hizo zilizunguka dunia nzima, zikionyesha dakika ya mwisho ya mtu aliyetumia maisha yake kupeleka picha za namna hiyo kwa wengine.

Salim Amin aliichukua Camerapix akiwa na miaka 26. Mwaka 2006 alitoa filamu kuhusu baba yake, iitwayo Mo & Me, ambayo haimgeuzi kuwa malaika, na kwa jina la Mohamed Amin ikaendeshwa pia Nairobi programu ya kuwafundisha vijana wa Afrika kazi za televisheni. Negativu na kanda za karibu miaka 35 zilibaki katika makabati ya kampuni. Maelfu ya picha hizo zimeshahamishwa kwenye kompyuta na kuwekwa kwenye intaneti kwa ushirikiano na Google, ambapo mtu aliyeko Mpanda mwenye simu ya kawaida anaweza kuziona bure: Dar es Salaam na Zanzibar za mwaka 1964, reli na wafanyakazi wake, Korem, na Mohamed Amin mwenyewe akiwa na kamera begani na mkono wa bandia kwenye lenzi.